Tende Niliyoikataa

Nisikilize taratibu, wewe unayesoma, kana kwamba tumekaa pamoja na hakuna anayetuharakisha. Jambo ninalotaka kukueleza si gumu. Hata mtoto anayeanza alifu na be atalielewa ukimweleza vizuri. Mimi nilielezwa vizuri, nikalikariri, nikalirudia neno kwa neno mbele ya aliyenieleza, na bado nikalikosea. Kwa hiyo usijione mzito wa kuelewa ukihitaji kulisikia mara mbili. Mimi nililisikia mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimechelewa.

Miaka ile nilikuwa maalim wa chuo cha Kurani kule Walukuba, mjini Jinja, kwenye nyumba zilizojengwa zamani kwa wafanyakazi wa viwanda. Vita vilikuwa vimepita juu yetu zaidi ya mara moja, na sasa watu walisema nchi inapona. Viwanda vingi vilikuwa kimya. Waliokuwa mafundi wa mitambo waliuza sabuni kwa vipande mbele ya nyumba zao. Watoto wao ndio niliowafundisha, kwenye chumba chenye dirisha moja.

Nilianza kukohoa kabla ya mvua, na mvua zilipokwisha bado nilikuwa nakohoa. Mwili ulipungua. Wakati huo ulikuwa umeingia ule ugonjwa mpya wa kukondesha, ambao watu waliuita silimu, na mtu akikonda hakuulizwa anaumwa nini. Alitazamwa tu, kisha watazamaji wakatazamana wao kwa wao. Nikaenda hospitali ili nipate jina la ugonjwa wangu kabla majirani hawajanipa la kwao.

Muuguzi aliyenipa majibu alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Akaniambia ni kifua kikuu.

“Kinapona, maalim. Usikunje uso hivyo. Kinapona kabisa.”

“Dawa je?”

“Dawa zimekwisha. Tumeahidiwa nyingine kabla ya mwisho wa mwezi. Mpaka uzianze, na mpaka nikuambie mimi, wewe ni mtu wa kukaa mbali. Usilale chumba kimoja na watoto. Usikae ndani na mtoto mchanga, hata kidogo. Funika mdomo ukikohoa. Kikombe chako na kijiko chako viwe vyako. Umeelewa?”

“Nimeelewa.”

“Wewe ni mwalimu. Rudia.”

Nikarudia yote kama wanafunzi wangu wanavyorudia sura fupi. Akacheka, akasema nimefaulu mtihani.

Na kwa kweli nilianza vizuri, lazima nikwambie hilo ili uone kwamba sikuwa mtu asiyejali. Chuo nilikifunga siku ileile. Mke wangu na watoto wetu watatu niliwapeleka Budondo kwa wazazi wake, wakakae na mihogo na hewa ya shamba. Kikombe changu nilikitia alama ya rangi nyekundu. Nilikaa peke yangu nikisubiri mwisho wa mwezi.

Ndipo ikaja barua kutoka kwa dada yangu, Mbale.

Hapa sina budi kurudi nyuma kidogo, vinginevyo hutaelewa kwa nini barua ile ilikuwa na uzito. Dada yangu mdogo aliolewa na mshonaji nguo, mjukuu wa askari walioletwa zamani kutoka Sudani. Yeye mwenyewe hakuwahi kushika bunduki, alishika mkasi. Lakini serikali ya kijeshi ilipoangushwa, watu wa asili yake waliandamwa mitaani kana kwamba wote walikuwa na mikono ileile yenye damu. Siku hizo walikuwa wakiishi Jinja. Asubuhi moja, baada tu ya swala ya alfajiri, walifika mlangoni kwangu na furushi na watoto wao wawili. Nilisimama nyuma ya mlango, mkono juu ya komeo. Nilisikia dada yangu akisema, “Kaka, ni mimi.” Nikajibu, “Nendeni. Wakiwaona hapa watatumaliza sote.” Sikufungua. Walikwenda kwa miguu na kwa malori hadi ng’ambo ya mpaka wa kaskazini, na huko ugenini waliwazika wale watoto wote wawili. Waliporudi baada ya miaka, hawakurudi Jinja. Walipanga nyumba Mbale, upande wa Wanale, chini ya ule mlima wenye maporomoko ya maji, na hawakunitafuta.

Sasa barua ilisema hivi: “Tumepata binti. Baba yake anasema asitiliwe tende na mtu yeyote isipokuwa wewe. Njoo kabla ya siku ya saba.”

Kwa asiyejua: kwetu Waislamu, mtoto mchanga hutafutiwa mtu anayedhaniwa kuwa na wema, akatafuna tende mpaka ilainike, kisha akachukua kidogo kwa kidole na kumpaka mtoto kwenye kaakaa. Ndicho kitu kitamu cha kwanza kinywani mwake, na watu huamini kwamba hupata kitu cha tabia ya aliyemtilia. Mimi niliyewafungia mlango nilikuwa nimeombwa niwe utamu wa kwanza wa mtoto wao. Sikuwa nimeomba msamaha, na ulikuja wenyewe, umeandikwa kwa penseli.

Nilijua vizuri kwamba sipaswi kwenda. Lakini ukiujua ukweli na kuutamani uongo kwa wakati mmoja, akili yako hugeuka wakili wa tamaa. Nilijiambia: tatizo ni mate, na mate ni jambo tunalolijua sisi. Dini yetu imetufundisha uchafu ni nini na jinsi ya kujitenga nao. Nitakwenda, nitatawadha, nitasukutua mara tatu, sitamtilia tende, sitagusa kikombe cha mtu. Yaani niliyachukua maneno yote ya muuguzi nikayatia ndani ya kitu nilichokijua tayari, na yale yasiyoenea nikayaacha nje. Kikombe kilienea. Kijiko kilienea. “Usikae ndani na mtoto mchanga” halikuenea.

Nilipanda lori la magunia ya mahindi. Tulikaa juu kwenye upepo, mimi na akina mama wachuuzi watano, na leo najua kwamba huko juu ya lori ndiko nilikokuwa na madhara machache kuliko mahali pengine popote nilipokaa wiki ile. Kabla ya Tororo tulisimamishwa na askari.

“Wewe mzee ya kofia! Shuka. Natoka wapi?”

“Jinja, afande.”

“Nakwenda wapi?”

“Mbale, afande. Dada yangu amejifungua.”

“Bwana yake nani? Mwanajeshi ya zamani, eh? Fungua hiyo furushi.”

Nikainama kufungua na kikohozi kikanishika. Kilinishika kile cha kukunja mtu, mpaka nikashika gurudumu la lori.

“Nini hiyo?”

“TB, afande.”

Askari aliruka nyuma kana kwamba nimemtupia nyoka. “Panda! Panda huko! Dereva, toa huyu mutu hapa!”

Mama mmoja akamwita kutoka juu: “Afande, una bunduki nzima, unaogopa kikohozi?”

Lori zima lilicheka, hata dereva. Tulipokwisha kwenda mbali akina mama wale walinipongeza. Walidhani nimetunga. “Maalim, una akili za sungura,” mmoja akasema, “angefungua mafurushi yetu yote yule.” Wakanijazia mkono karanga. Nilikula nikicheka nao. Tazama jinsi nilivyokuwa: kwa askari nisiyemjua nilikuwa nimesema ukweli, kwa sababu ukweli ulinifaa. Neno lenyewe lilikuwa jepesi, herufi mbili. Kutoka hapo mpaka Mbale nilikuwa na saa mbili za kujizoeza kulitamka tena.

Shemeji yangu alikuwa amesimama mbele ya nyumba, futi ya kupimia nguo shingoni. Nilipunguza mwendo. Nilikuwa nimekusudia, nakuapia, kusimama pale uani na kumwambia. Naye akaniona nimesita, akacheka kwa sauti.

“Ingia, shemeji, ingia! Usiogope. Kwetu mlango haufungwi.”

Alisema kwa mzaha, na mzaha ule ulikuwa umekaa naye miaka mingi ukingojea siku yake. Baada ya maneno hayo, ningewezaje kusema kwamba nabaki nje? Niliingia.

Labda unajua chumba cha mzazi kinavyokuwa. Madirisha yalikuwa yamefungwa, na mapazia mazito juu yake, ili mama na mtoto wasipigwe na baridi ya mlima wala jicho la mtu. Chetezo cha ubani kilikuwa pembeni. Dada yangu alikuwa ameketi kitandani, amekonda karibu kama mimi. Hakusema habari za zamani. Alisema, “Kaka, umekuwa mwembamba. Mke wako hapiki?” Kisha akaniwekea mtoto mapajani.

Alikuwa na siku sita. Nywele zake zilikuwa nyingi, zikingoja kunyolewa kesho yake.

Shemeji akatoa karatasi iliyokunjwa. Ndani yake mlikuwa na tende tatu, zilizoletwa na mfanyabiashara kutoka upande wa Kenya, kwa kuwa tende siku hizo hazikuonekana Mbale. Akanipa moja kwa mikono miwili.

“Meno yananiuma,” nikasema.

“Meno?”

“Meno, shemeji. Siwezi kutafuna. Mtilie wewe, wewe ndiye baba.”

Dada yangu alinitazama kama mtu aliyenyoosha mkono wa salamu ukaachwa hewani. “Kaka,” akasema, “ni tende moja.” Nikatikisa kichwa. Shemeji akaitafuna mwenyewe, taratibu, bila kuniangalia, akampaka mtoto.

Na mimi, msomaji wangu, moyoni nilijisifu. Nilidhani nimefanya jambo gumu kwa ajili ya mtoto. Nilidhani nimebeba aibu ili yeye asalimike. Ili kupoza uchungu wao nikasema, “Tende nimeshindwa, lakini nipeni nimsomee adhana.” Baba yake alikwisha kumuadhinia siku aliyozaliwa, ila alikubali nirudie, na uso wake ukalegea kidogo. Nikatoka kwenda kutawadha. Nilisukutua mara tatu, na ya nne kwa hiari. Nikarudi, nikamwinua mtoto, nikaweka midomo yangu karibu na sikio lake la kulia, nikamsomea adhana yote polepole kwa pumzi ndefu, kama inavyotakiwa. Kisha nikamgeuza, nikasoma ikama, ule mwito wa pili wa swala, kwenye sikio la kushoto. Alikuwa ametulia. Pumzi yangu ilitikisa nywele zake.

Nilikaa siku tatu, kwa kuwa mgeni ana haki ya siku tatu na kuondoka kabla yake kungekuwa tusi la pili. Siku ya saba alinyolewa, akapewa jina. Tulikula malewa, yale machipukizi ya mianzi wanayoyapika kule kwa karanga, na mimi nilikula kwenye sahani yangu peke yangu, nikajisifu tena. Kikohozi kikija nilitoka uani. Lakini hakikuja kila mara kwa kubisha hodi, na saa nyingi nilikuwa nimeketi kwenye chumba kile kilichofungwa, nikizungumza, nikicheka, nikimbembeleza mtoto dada yangu apate usingizi.

“Kikohozi hicho, kaka?” aliniuliza siku ya pili.

“Vumbi la barabarani.”

Nilirudi Jinja, dawa zikafika, nikaanza sindano. Baada ya wiki chache mwili ulianza kurudi. Watu wa Walukuba waliokwisha kunizika kwa macho walianza kunisalimu tena. Muuguzi aliniruhusu niwarudishe wanangu kutoka Budondo. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeugua.

Mtoto wa dada yangu alipokaribia mwezi wa nne nilipata habari kwamba yuko hospitali, haongezeki uzito, ana homa isiyoshuka, anapumua kwa shida. Nilisafiri siku ileile. Nilimkuta kitandani, mbavu zikiingia na kutoka, na dada yangu amempakata. Aliponiona hakunisalimu. Alisema, “Ungemtilia ile tende, kaka. Ulimnyima.”

Daktari kijana akaja. Akamsikiliza mtoto kifua, akauliza, “Kuna mtu nyumbani anayekohoa? Au aliyewatembelea tangu mtoto azaliwe?”

Shemeji akasema, “Hakuna, daktari.”

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, karibu kiasi cha kumgusa bega. Sikusema kitu. Daktari akaandika dawa za kichomi, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Nilinyamaza mchana wote ule. Asubuhi iliyofuata nilimfuata daktari varandani, nikamweleza yote, tangu muuguzi mpaka adhana. Hakunigombeza, ingawa ningependa anigombeze. Akaniuliza ninafanya kazi gani, nikamwambia. Akasema, “Basi unajua vumbi la chaki. Ukifuta ubao asubuhi dirisha likiwa limefungwa, jua likipenya mahali, huwa unaliona vumbi likielea, halianguki upesi. Ukikohoa, au hata ukisoma kwa sauti, unatoa kitu kama hicho, ila hakionekani. Anayekaa nawe chumbani anakivuta. Kukutana na mtu nje kwenye upepo ni jambo jingine kabisa. Tende haikuwa tatizo lako kubwa, maalim. Chumba ndicho kilichokuwa tatizo.”

“Na yule mtoto?”

“Tungeanza dawa ile nyingine, ya TB, jana,” akasema. Halafu, kwa kuwa alikuwa mwema, akaongeza, “Labda hata jana kungekuwa kumechelewa. Sijui.”

Walianza dawa ile nyingine saa hiyohiyo. Alifariki siku ya tatu yake, adhuhuri. Hata sasa sina uhakika wa jana ile moja ingefanya nini, na nimeacha kutafuta mtu wa kunihakikishia, maana kila ninayemuuliza hunijibu kulingana na jinsi anavyonipenda.

Baada ya mazishi tulikaa matanga. Wanawake waliokuja kumpa pole dada yangu aliwaambia wote habari ya tende: kwamba kaka yake mwenyewe alikataa kumtilia mtoto, na mtoto asiyebarikiwa na mjomba hakai. Wengine walinitazama kwa jicho la lawama. Wazo lilinijia kwamba naweza kuliacha hivyo. Kulaumiwa kwa kiburi kulikuwa kwepesi kuliko kulaumiwa kwa kweli yenyewe. Siku ya tatu, watu walipopungua, nilimwomba tuketi peke yetu upenuni, yeye na mumewe, nikawaambia. Nilisema nilijua kabla sijapanda lori. Nilisema nilimwambia askari.

Shemeji yangu aliinuka akaingia ndani. Nilisikia mashine ya cherehani ikizunguka, tupu, bila nguo.

Dada yangu alikaa muda mrefu akikunjua na kukunja ncha ya mtandio wake. Nilingoja anilaani. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo.

“Ungesimama nje tu,” akasema. “Ungesema, mimi nina TB. Ningekuletea kiti nje, kaka. Ningemshika mtoto nikakuonyesha kutoka mlangoni. Ulidhani nitakasirika? Miaka yote ile nilikuwa nataka kukuona tu.”

Hakupata mtoto mwingine. Tunapokutana kwenye misiba ya ukoo hunisalimu kwa heshima, hujibu ninachouliza, na huketi upande wa pili. Nimeishi na kupona kwangu kwa miaka mingi. Nimezeeka, nimewaona wajukuu, na hakuna siku niliyoweza kuuita uzima huu neema bila ulimi kukwama.

Watu huniuliza, wakisikia haya, kama mgonjwa basi ajifungie asionane na watu. Hapana, na usiondoke ukidhani nimesema hivyo. Mgonjwa anahitaji watu kuliko mzima. Mimi nilijua mambo mawili tu, kuingia au kutokwenda, na katikati yake palikuwa na jambo la tatu lisilogharimu chochote isipokuwa maneno machache ya aibu.

Kwa hiyo fanya hivi. Ukiwa na ugonjwa unaoambukiza, au kikohozi ambacho bado hujakipima, ukifika kwa watu usivuke kizingiti. Simama uani, taja unachoumwa kwa sauti ya kusikika, hata kama wanakucheka, hata kama wanakuvuta mkono. Kisha omba kiti, ukiweke upepo unapopita, na ukae hukohuko mpaka utakapoaga.